Sauti Iliyowanyamazisha Tausi wa Bati

Miaka hamsini Cyril Hingley alikunywa bia ya bure kwa sauti isiyo yake, na miaka hamsini Beryl Tromans hakumsamehe hata tone moja.

Sauti yenyewe ilikuwa maneno machache tu: "Wewe wa ngoma, nyamaza! Watu tunacheza bingo hapa!" Yeyote aliyekuwa kijana mwaka wa sabini na tatu anayajua. Ndiyo yanayofungua upande wa pili wa ile santuri ya bendi ya Tausi wa Bati. Yanasemwa, kinapita kimya, watu wanacheka, halafu mpiga ngoma kwa ukorofi wake anapiga pigo moja tu, du!, na wimbo unaingia kama mlango umevunjwa. Watoto waliyapayuka shuleni mpaka wakachapwa. Wanaume waliyapigia kelele uwanjani refa akizidisha filimbi. Yalichapwa hata kwenye fulana. Na nyuma ya jalada, chini kabisa, kwa maandishi madogo: "Sauti ya bingo: Bwana Cyril Hingley, katibu wa klabu."

Cyril! Cyril ambaye Jumamosi ile alikuwa kwao kitandani, kang'olewa jino, shavu limevimba kama mkate, kafungwa skafu ya mama yake kuanzia kidevuni mpaka utosini.

Aliyesema ni Beryl.

Klabu ya wafanyakazi ya Mtaa wa Bellows, pale Cradley Heath, ilikuwa ya wanaume. Mwanamke aliingia kama mke wa fulani. Hakuwa na kadi yake ya uanachama, hakupiga kura, na meza ya bingo hakuisogelea ila kwa kitambaa cha kupangusia. Kusoma namba za bingo, watu wakizikata kwenye kadi zao, ilikuwa kazi ya kamati, na kamati ilikuwa suruali tupu. Beryl siku za kazi alikuwa kiwandani, anakandamiza mabati ya ndoo kwa mashine. Ukikaa kando ya mashine ile miaka kumi na tano, ama unakuwa bubu au unaongea kama unaita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Ongeza na sigara. Sauti yake ikawa nene, ya kukwaruza, hata mtu akimpigia simu alimwita "bwana". Jumamosi aliokota glasi pale klabuni, kwa sababu Len, mumewe, alikuwa mwanakamati, na wake wa kamati ndio waliookota glasi.

Sasa hao Tausi wa Bati walikuwa vijana wa hapohapo. Walitokea vichochoroni, wakapata jina, wakaanza kuvaa masuti yanayometameta kama karatasi ya chokoleti, viatu vya soli nene kama tofali, wanja machoni, na nyota za kubandika mashavuni. Wanaume wazima! Mama zao walikuwa wakiwaona kwenye televisheni wanazima. Lakini watu wa London walipotaka albamu irekodiwe mbele ya wasikilizaji, vijana wakasema iwe klabuni kwa baba zetu au basi. Basi gari la kurekodia likaja, nyaya zikapitishwa dirisha la choo, vipaza sauti vikaning'inizwa kila mahali, hata juu ya kaunta ya bia.

Hao wa London hawakuambiwa kitu kimoja. Ikifika saa tatu kamili, muziki unasimama, bingo inachezwa. Hata angekuwa anaimba askofu, angeshuka. Tausi walilijua hilo tangu utotoni, wakashuka jukwaani kwa adabu na viatu vyao vile, kama mbuni wanateremka ngazi. Akabaki mpiga ngoma, Nev, anachezea vijiti vyake, taka-taka-taka.

Nani asome namba? Cyril hayupo. Mwanakamati mmoja ana kigugumizi, mwingine kasahau miwani, Len yuko kwenye mapipa, mikono imelowa bia mpaka viwikoni. Wanawake mia na kadi zao mkononi wakaanza kugonga meza. Wanawake wa Cradley Heath wakigonga meza, mwenye akili anatafuta mlango.

"Beryl," Len akasema, "panda wewe."

Akapanda. Akamnyamazisha Nev, akasoma namba zote bila kukosea, aliyeshinda akachukua nyama yake ya kuoka ya Jumapili, Beryl akashuka akarudi kwenye glasi zake. Hakuona kama kafanya kitu. Kazi ilikuwepo, imefanywa.

Miezi miwili baadaye ikaja barua kutoka London: yule bwana aliyepiga kelele ile nzuri anaitwa nani, tumwandike kwenye jalada? Kamati ikakaa kikao. Wakaona, tukisema ni mwanamke, kila klabu kutoka hapa mpaka Dudley itatucheka. Msomaji wetu ni Cyril, basi ni Cyril. Na kwa kuwa Len Tromans ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, barua ya kujibu akaandika yeye.

"Umeandika nini?" Beryl alimuuliza siku ile, chai iko mezani.

"Nimeandika walichoamua."

"Mimi ndiye niliyesoma, Len. Wewe ndiye uliyenipandisha."

"Ni kelele tu, Beryl. Si kama umeimba."

"Kama ni kelele tu, mbona mmeitafutia mwenyewe?"

Len akaangalia kikombe chake. "Wangenitoa kwenye kamati," akasema.

Beryl hakurusha sahani. Jumamosi iliyofuata alibaki nyumbani. Na iliyofuata. Na zote. Len akawa anakwenda peke yake, anarudi peke yake, na wakaishi hivyo kwa amani, kama watu wawili waliopanga nyumba moja. Alipokufa, mwaka wa tisini na nane, wanaume wa klabu walikuja na kofia mikononi kumpa ukumbi bure kwa chai ya mazishi. Beryl aliwajibu kizingitini. "Chai yake itanywewa kanisani," akasema, akafunga mlango. Watu walilisema jambo hilo mwaka mzima. Wakasema mama huyu ana roho ngumu. Anayo.

Cyril naye akawa mtu. Aliitwa kwenye televisheni. Alikata utepe duka la viatu lilipofunguliwa. Harusi haikukamilika bila yeye, na kila alipokaa mtu alimletea glasi na jalada la kusaini. Ila Mungu alikuwa kampa sauti ya puani, nyembamba, kama birika linaloanza kuchemka. Watu wakimwomba aseme yale maneno, anashika koo. Leo nina mafua. Miaka hamsini ya mafua! Na hakuna aliyeuliza ugonjwa gani huo.

Wakikutana kwa muuza nyama, Cyril aligusa kofia. "Hujambo, Beryl."

Beryl alimgeukia muuza nyama. "Hebu rudishia mlango, baba. Kuna upepo unaingia."

Ikawa hivyo mpaka ilipotimia miaka hamsini, na mlango wa Beryl ukagongwa na mwanamke mwenye koti la mvua, kabeba kisanduku kifuani kama mtoto.

"Sinunui kitu," Beryl akasema kwenye upenyo.

"Siuzi kitu, mama. Namtafuta Beryl."

"Akina Beryl tulikuwa watatu mtaa huu. Mmoja kafa, mmoja kiziwi."

"Na wewe ni yupi?"

"Inategemea unamtakia nini."

Yule mwanamke akacheka. Alikuwa na miaka kama hamsini na mitano, mvi mbele, sauti ya hapohapo mtaani. Akajieleza: anaitwa Manjit Sahota, anafanya kazi na watu wanaotoa upya santuri za zamani, na sasa wanaitoa ile ya Tausi wa Bati. Nev mpiga ngoma kafariki, mjane wake kakuta darini kanda zote za siku ile, nzima, kabla hazijakatwakatwa. Kabla ya ile sauti maarufu, kwenye kanda, kuna mwanamume anasema: Beryl, panda wewe.

Beryl akaushika mlango, upenyo uleule.

"Nilianzia kwa mzee Hingley," Manjit akaendelea. "Nikamuuliza Beryl ni nani. Kasema hakumbuki Beryl yeyote."

Mlango ukafunguka wote.

"Baba yako nani?" Beryl akauliza.

"Gurdev Sahota. Alikuwa tanurini, kiwanda cha ndoo."

"Yule aliyekuwa akija na pilipili za kukaanga kwenye karatasi, anatutoa machozi wote."

"Huyohuyo."

"Pita. Futa miguu."

Manjit akaweka mashine yake mezani jikoni, kati ya sukari na bakuli la viazi, akatoa vile vya kuvaa masikioni. Beryl akavisukuma. Hakuwa mtu wa kusikiliza mambo yake kwa kujificha. Basi ikawekwa kwa sauti, jikoni kukajaa watu wa mwaka wa sabini na tatu. Glasi zinagongana. Kikohozi. Meza zinagongwa, wanawake mia. Na Len, kijana, mapafu mazima: "Beryl, panda wewe." Vikasikika visigino kwenye ngazi za mbao. Halafu ile sauti.

Beryl aliisikiliza amekunja mikono. Alikuwa hajaisikia santuri ile hata siku moja. Redio ikiipiga aliizima. Sasa akaona kumbe ni sauti nzuri. Haikutetemeka.

Mpiga ngoma akanyamaza. Watu wakacheka. Na hapo, karibu sana, kwenye kile kipaza sauti kilichoning'inia juu ya kaunta, Len akamwambia mtu: "Mke wangu huyo. Sikia anavyowatuliza."

Manjit akaizima.

"Rudisha," Beryl akasema.

Ikarudishwa. Akairudisha mara tatu. Mara ya tatu Manjit akachomoa kitambaa cha karatasi mfukoni, akakishika tayari.

"Kirudishe mfukoni, silii." Beryl akainuka akaweka birika motoni, akabaki kaupa mgongo ukumbi mzima wa miaka ile. "Alijua. Miaka yote nilidhani labda kwa wingi wa kazi hakusikia vizuri, labda wenzake walimzungusha kichwa. Kumbe alisikia. Alijisifu kwa watu. Halafu akakaa, akashika kalamu."

"Labda aliogopa, mama."

"Aliogopa, ndiyo. Na mimi nilikuwa naiogopa ile mashine kila asubuhi. Ilikuwa imekula vidole vya wenzangu wawili. Na kila asubuhi nilikwenda."

Wakanywa chai. Manjit akauliza, kwa upole, kama akikate kile kipande cha Len kisiingie kwenye santuri mpya.

"Usikate. Waache wasikie alichokijua."

"Na jina lako kwenye jalada niliandike vipi? Wengine hupenda la ubini wao, la kabla ya ndoa."

"Andika Beryl Tromans. Jina hilo nimelifua, nimelipiga pasi, nimelizika. Ni langu sasa kuliko lilivyokuwa lake."

Manjit akaandika. Akasema santuri itazinduliwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, mchana, palepale klabuni, na Beryl atakaa mbele.

"Siingii."

"Mama, siku hizi mwenyekiti ni mwanamke. Lorraine. Wanawake wana kadi, wanapiga kura."

"Heri yao. Jalada ni karatasi, Manjit, na karatasi ilishasema uwongo mara moja. Nataka Cyril aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu waliomnywesha. Akisema, nitaingia nikae. Asiposema, jina langu ulifute, muendelee na mzee wenu."

"Majalada yanangojea jina tu kwa mchapaji, mama. Yanachapwa wiki hii."

"Basi utayachana."

"Ana miaka themanini na sita."

"Mdomo wake una miaka hiyohiyo, na haujawahi kuchoka."

Manjit akaenda kwa Cyril, akarudi siku ya pili na uso wa mtu aliyetumwa dukani akakuta pamefungwa. "Kasema atalizungumza kama nafasi itapatikana."

"Nafasi!" Beryl akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwanamke huyo aingie kwake.

Jumapili ikafika. Klabu ilijaa tangu saa sita. Mikate ya jibini na kitunguu imepangwa, masinia ya njegere za kijivu na nyama ya nguruwe yanafuka mvuke. Wazee wa miaka sabini na kitu wamebandika nyota mashavuni, suruali za kumetameta zimekataa kufunga zipu, wamezishikiza kwa pini. Mbele kabisa, kando ya kipaza sauti, kakaa Cyril Hingley na tai yake ya klabu, glasi tatu mbele yake za watu watatu tofauti, kalamu mkononi, na foleni ya watu wenye majalada ikimsubiri. Walikuwa hawajayageuza nyuma kuyasoma. Nani husoma nyuma?

Beryl alisimama mlangoni na koti lake, vifungo vyote vimefungwa. Ncha ya kiatu ilikuwa kwenye kizingiti, haikuvuka. Lorraine akamwendea na kiti. Beryl akakitazama kile kiti kama kimetapikiwa. Lorraine akakirudisha.

Manjit akapanda jukwaani, akasema maneno mawili matatu, akaiweka kanda. Ukumbi ukaanza kwa kucheka, maana wengi walijua kitakachosemwa wakawa wanasubiri kukisema pamoja. Halafu likatoka lile wasilolijua. Beryl, panda wewe. Visigino. Sauti. Na mwisho: Mke wangu huyo.

Hakuna aliyepayuka. Vichwa vikageuka, kimoja kimoja, kumtafuta Cyril, halafu vikageuka nyuma mlangoni.

Bibi mmoja katikati, Hazel Dunn, akainua mkono. "Mimi nilikuwepo! Mimi nilijua tangu zamani!"

"Ulijua, Hazel," Beryl akamwambia kutoka mlangoni. "Ndiwe uliyeshinda ile nyama. Ukaenda kuila, na mdomo ukabaki umejaa mpaka leo."

Watu wakacheka, Hazel akashusha mkono. Cyril akaona kicheko kile ni daraja, akakisogelea kipaza sauti. "Jamani," akasema, "mambo ya zamani haya. Mnajua nilivyoteseka na jino lile? Mama yangu alinifunga skafu..."

Wachache wakacheka. Beryl hakusogea.

"Cyril, sikuja kusikia habari za jino."

"Beryl, mwenzangu, wao ndio walioniandika. Mimi sikuomba."

"Hukuomba. Ulipokea."

"Len wako ndiye aliyeandika barua."

"Najua. Len nimeshamalizana naye, kila siku, jikoni kwangu, miaka ishirini na mitano. Leo ni wewe."

Kwenye foleni, mzee mmoja mwenye nyota shavuni aligeuza jalada lake, akalisogeza karibu na miwani, akasoma. Akamwonyesha wa nyuma yake. Wakatoka kwenye foleni, wakafuatwa na wengine, mpaka mbele ya Cyril pakabaki sakafu. Yeye akaitazama ile sakafu muda mrefu. Akaitazama kalamu. Alikuwa mzee kweli, shingo imelegea ndani ya kola, na kama Beryl angekuwa mtu mwingine angemhurumia.

"Unanichukia bado," Cyril akasema.

"Ndiyo."

Cyril akashika meza, akasimama. Haikuwa rahisi, magoti yale. "Sikuwa mimi," akasema kwa sauti yake ya puani. "Alikuwa Beryl. Beryl Tromans. Mimi nilikuwa nyumbani, nimelala. Nilijua tangu siku ya kwanza na sikusema. Nisamehe, Beryl."

"Hilo sikuja nalo," Beryl akasema. "Nilikuja kusikia ulilosema kabla ya hilo. Na wa nyuma hawajalisikia."

Cyril akavuta pumzi, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akarudia lote, polepole, na safari hii likafika.

"Tumesikia!" wakajibu wa nyuma.

Ndipo Beryl akavuka kizingiti, akaanza kufungua vifungo vya koti lake, kuanzia cha juu.